Ujira wa Mwalimu na Mwendo wa Kiswahili Nchini Uganda

Sisi walimu wa Kiswahili wa Uganda huulizwa mara kwa mara swali moja, nalo ni hili: kwa nini lugha hii, ambayo imetangazwa kuwa lugha ya taifa au lugha rasmi zaidi ya mara moja nchini mwetu, haijaota mizizi katika shule zetu kama ilivyoota katika shule za jirani zetu wa Tanzania na Kenya?

Majibu mawili yamezoeleka. La kwanza husema kwamba Buganda, yenye lugha yake iliyokwisha kuandikwa na kuheshimiwa, ilikipinga Kiswahili tangu zamani. La pili husema kwamba Kiswahili kilichafuliwa jina na askari, kwa kuwa ndicho kilichotumiwa jeshini na katika polisi, na raia wengi walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani. Majibu yote mawili yana ukweli ndani yake, wala hatuna nia ya kuyakanusha. Lakini twaona kwamba yanaacha upande mmoja wa habari, nao ni upande wa mwalimu mwenyewe. Amri ya Serikali yaweza kuifungulia lugha mlango wa shule, lakini mwenye kuiingiza ndani ni mwalimu, nayo hukaa humo kadiri mwalimu anavyokaa. Kwa hiyo anayetaka kuijua historia ya Kiswahili nchini Uganda hana budi kuijua pia historia ya mshahara wa mwalimu, ya nyumba yake, na ya safari zake za kuhama.

Katika makala haya tutaifuata historia hiyo tangu siku za misheni hadi siku hizi. Tutajaribu kuonyesha ya kwamba kila ujira wa Serikali ulipopungua nguvu, walimu hawakutawanyika ovyo. Walifuata njia zinazojulikana, na njia hizo ndizo zilizoamua ni sehemu gani ya nchi ibaki na walimu na ni sehemu gani ibaki na majengo tu.

Mwalimu wa Misheni

Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na Mapadri Weupe wa Kikatoliki wakawafuata mwaka 1879. Kwa karibu miaka hamsini shule zilikuwa mikononi mwa misheni. Idara ya Elimu ya Serikali haikuundwa mpaka mwaka 1925, baada ya Tume ya Phelps-Stokes kupita katika nchi za Afrika Mashariki mwaka 1924.

Mwalimu wa kijijini wa siku zile aghalabu alikuwa katekista. Asubuhi alifundisha kusoma na kuandika, na siku ya Jumapili aliongoza sala. Hakuwa mtu wa mshahara kwa maana tuijuayo leo. Misheni ilimpa kitu kidogo, waumini walimsaidia kwa chakula, na yaliyobaki alijilimia mwenyewe. Desturi hiyo ilikuwa na faida yake, maana mwalimu alikuwa mwenyeji, ana shamba na jamaa, wala hakuona haja ya kwenda mbali. Lakini ilikuwa na hasara yake pia. Watu walizoea kumwona mwalimu kuwa mtu wa wito, ambaye njaa yake si jambo la kuingizwa katika vitabu vya hesabu. Mazoea hayo hayajafutika hata leo.

Tena misheni hazikufika pote kwa wakati mmoja. Zilianza Buganda na nchi za jirani yake, kisha zikaenda Mashariki na Kaskazini, na Karamoja ikafikiwa mwishoni. Hivyo, hata kabla ya kuwapo kwa mshahara wa Serikali, shule na vyuo vya ualimu vilikuwa vingi kusini na vichache kaskazini. Mizani ilikuwa imekwisha kulala upande mmoja.

Ndipo mwaka 1927 Gavana William Gowers alipopendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala katika sehemu kubwa ya nchi. Kabaka Daudi Chwa alilipinga shauri hilo kwa maandishi mwaka 1929, nao viongozi wa misheni, ambao tayari walikuwa na vitabu vya Kiganda, hawakulipokea kwa furaha. Hayo yanajulikana sana. Yasiyotajwa sana ni kwamba katika sehemu za Kaskazini na Mashariki, ambako upinzani haukuwa na nguvu kiasi hicho, vyuo vya ualimu vilikuwa vichache, na mwalimu mmoja alibebeshwa mambo mengi kwa ujira mdogo. Mahali palipokuwa tayari kuipokea lugha ndipo palipokosa wa kuifundisha.

Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa shuleni, kikabaki katika polisi na jeshi. Katika miaka hiyohiyo kamati iliyoongozwa na Bernard de Bunsen, aliyekuwa Mkuu wa Chuo cha Makerere, iliichunguza elimu ya Waafrika, na taarifa yake ya mwaka 1953 ikatilia mkazo mafunzo ya walimu na masharti yao ya kazi. Hivyo, wakati mwalimu alipoanza kufikiriwa, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutolewa nje ya mlango.

Kipimo Kimoja cha Mshahara

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Mwaka uliofuata Tume ya Castle ilitoa taarifa yake juu ya elimu, na Serikali ikaanza kuchukua usimamizi wa shule kutoka kwa misheni. Kwa mwalimu, badiliko lililo kubwa lilikuwa hili: aliajiriwa na Serikali, akalipwa kwa kipimo kimoja kulingana na cheti chake, awe yuko Mengo au Moroto, awe Mkatoliki, Mprotestanti au Mwislamu.

Lilikuwa jambo la haki, nasi hatuna neno juu ya haki hiyo. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba mshahara ulio sawa haufanyi maisha yawe sawa. Mwalimu wa Mengo alikuwa na soko, zahanati na barabara karibu naye. Mwalimu wa Moroto au wa visiwa vya Ssese aliupata mshahara uleule, lakini sabuni, nauli na dawa zilimgharimu zaidi, na mkewe au mumewe hakupata kazi huko. Tofauti hiyo haikuonekana sana katika miaka ya sitini, kwa sababu shilingi ilikuwa na nguvu. Mshahara wa mwalimu uliweza kununua baiskeli, kuezeka nyumba kwa mabati na kusomesha wadogo zake. Tena shule nyingi zilizojengwa na misheni zilikuwa na nyumba za walimu kando yake. Palipo na nyumba na mshahara wenye nguvu, umbali huvumilika.

Shule za sekondari zilikuwa na udhaifu wa namna nyingine. Zilitegemea mno wageni. Tangu mwaka 1961 vijana wa Kimarekani waliletwa katika nchi zetu kwa mpango wa walimu wa Afrika Mashariki, uliosimamiwa na chuo cha ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia. Walikuwapo pia Waingereza, na walimu wenye asili ya Kihindi. Walifanya kazi nzuri. Lakini nyumba iliyosimama juu ya nguzo za kuazima huanguka siku mwenye nguzo anapozihitaji.

Miaka ya Kuvuka Mpaka

Siku hiyo ilifika mwezi Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi siku tisini wawe wametoka nchini. Pamoja na wafanyabiashara waliondoka walimu, na baada yao Waingereza na wageni wengine wakaendelea kupungua. Viwanda vilidorora, sukari, chumvi na sabuni vikaadimika, na bei zikapanda bila ya mshahara kupanda nazo.

Tarehe 7 Agosti 1973, mwaka mmoja tu baada ya kufukuzwa kwa Wahindi, Amin alitoa amri ya kukifanya Kiswahili lugha ya taifa. Wajumbe wa wilaya walikuwa wameulizwa, na wilaya nyingi zilikichagua Kiswahili kuliko Kiganda. Kwa muda wa miaka ishirini na mmoja lugha hiyo ilikuwa haitambuliwi shuleni; kwa hiyo kizazi kizima cha walimu kilikuwa kimepita vyuoni bila ya kufundishwa namna ya kuifundisha. Amri ilitolewa wakati ambao hata walimu wa masomo ya zamani walikuwa wakifunga mizigo. Redio na mikutano ya hadhara vilikitumia Kiswahili; madarasa hayakukiona.

Hapo twapenda kueleza namna tatu za kuondoka, kwa sababu zote tatu ziliendelea kuonekana katika miaka iliyofuata.

Namna ya kwanza ni ya kuvuka mpaka. Walimu wengi wa Uganda, hasa wenye shahada, walipitia Busia na Malaba kwenda Kenya. Huko shule za harambee zilikuwa zikiongezeka kwa nguvu za wananchi, na baada ya Rais Kenyatta kuondoa ada katika madarasa ya kwanza manne mwaka 1974, wanafunzi walizidi na haja ya walimu ikazidi. Wengine walikwenda mbali zaidi, hata nchi za kusini mwa Afrika. Mshairi Okot p'Bitek, aliyekuwa uhamishoni tangu kabla ya Amin, alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka hiyo. Jina lake lajulikana. Lakini kwa kila jina linalojulikana walikuwapo walimu wengi wa sekondari ambao majina yao yamebaki katika kumbukumbu za wanafunzi wao wa Kenya tu.

Namna ya pili ni ya kuhama ndani ya nchi, kutoka kijijini kwenda mjini. Mjini mshahara haukuwa mkubwa zaidi, lakini palikuwa na njia za kuuongeza: kufundisha jioni, kuuza bidhaa, kupata kazi nyingine ya ofisini.

Namna ya tatu ndiyo isiyoonekana katika takwimu, nasi twaiona kuwa ndiyo mbaya kuliko zote. Ni ya kuondoka huku umebaki. Mwalimu jina lake liko katika orodha ya malipo, na asubuhi huonekana shuleni. Lakini saa nne yuko shambani kwake au yuko njiani na magunia ya magendo. Hatumlaumu. Mshahara wa mwezi ulikuwa hautoshi kulisha nyumba yake mwezi huo, na watoto wake walikuwa na njaa kama watoto wengine. Lakini kwa mwanafunzi, mwalimu wa namna hiyo na mwalimu aliyevuka mpaka ni mamoja.

Ni vema tulinganishe na jirani. Nchini Kenya Tume ya Kuajiri Walimu ilianzishwa mwaka 1967, na mfumo mpya wa elimu ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa ndani ya orodha ileile ya mishahara pamoja na wenzake. Nchini Tanzania Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi, hata mwalimu wa hesabu alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Katika nchi hizo mbili walimu nao walikuwa na malalamiko yao mengi, lakini amri ya lugha iliwakuta kazini. Uganda iliwakosa.

Mfuko wa Mzazi

Amin aliondolewa mwezi Aprili 1979, lakini thamani ya mshahara haikurudi. Vita viliendelea, bei ziliendelea, na mwaka 1987 Serikali mpya ilibadili fedha na kuondoa sifuri mbili katika shilingi. Katika miaka hiyo shule hazikufungwa. Kwa nini? Jibu ni kwamba wazazi ndio waliozishika. Kwa njia ya Vyama vya Wazazi na Walimu walitoa michango ya kujenga madarasa, kununua chaki na, zaidi ya yote, kumwongezea mwalimu posho juu ya mshahara wake. Katika shule nyingi za mjini posho hiyo iliushinda mshahara wenyewe.

Jambo hili lastahili sifa. Bila ya wazazi, elimu ya Uganda ingalikufa katika miaka ya themanini. Lakini matokeo yake katika ugawaji wa walimu yanapaswa kusemwa wazi. Kipimo kimoja cha mshahara kilichowekwa baada ya uhuru kilibaki katika karatasi. Kipimo cha kweli kilikuwa mfuko wa mzazi. Na mifuko ya wazazi haifanani. Mzazi wa Kampala alikuwa mfanyabiashara au mtumishi, mzazi wa Masaka alikuwa na kahawa, lakini mzazi wa Karamoja alikuwa na ng'ombe waliokuwa wakiibwa kwa bunduki, na mzazi wa Acholi, baada ya mwaka 1986, alikuwa vitani na baadaye kambini. Mwalimu aliyehitimu alitazama mifuko hiyo, akaenda ilikojaa. Shule za mbali zikabaki na walimu wasiosomea ualimu, ambao kufikia mwisho wa miaka ya themanini walikuwa karibu nusu ya walimu wote wa shule za msingi nchini.

Tume iliyoongozwa na Profesa Senteza Kajubi, ambayo ilifanya kazi tangu mwaka 1987 na kutoa taarifa mwaka 1989, iliitazama hali ya walimu, na Waraka wa Serikali wa mwaka 1992 ukafuata. Katika waraka huo Kiswahili kilipewa tena nafasi katika mipango ya shule. Kwa mara nyingine lugha ilipata karatasi kabla ya kupata mwalimu.

Milango Yafunguliwa

Mwezi Januari 1997 elimu ya msingi kwa wote ilianza. Wanafunzi, ambao mwaka 1996 walikuwa milioni 3 hivi, waliruka hadi kupita milioni 5 kwa mwaka mmoja. Darasa la watoto mia moja na zaidi likawa jambo la kawaida, na wengine wakakaa chini ya miembe. Kwa upande mmoja, Serikali iliinua mishahara ya walimu katika miaka ya tisini, ikasafisha orodha ya malipo kwa kuwaondoa walimu hewa, na ikatoa mafunzo kazini kupitia vyuo vya ualimu. Kwa upande wa pili, michango ya wazazi katika shule za msingi za Serikali ilizuiwa. Mwalimu wa mjini akapoteza posho yake.

Wenye kuijua historia tuliyoieleza hawakushangazwa na yaliyofuata. Shule za binafsi ziliongezeka upesi mijini na kandokando ya barabara kuu, na mfuko wa mzazi, uliofukuzwa katika shule za Serikali, ukafungua duka lake mwenyewe. Walimu wengi wazuri waliufuata. Wengine walishika kazi mbili, asubuhi huku na mchana kule. Mwaka 2007 Serikali ilianzisha elimu ya sekondari kwa wote, na mambo yakaenda kwa mtindo uleule.

Mazingira ya kazi nayo yalikuwa na neno lake. Kwa miaka mingi mwalimu wa mbali alilazimika kuliacha darasa na kwenda makao makuu ya wilaya kuupokea mshahara wake, na mara nyingine akaambiwa arudi wiki ijayo. Mishahara ilipoanza kupitia benki, benki yenyewe ilikuwa mjini. Siku mbili au tatu za kila mwezi zilikwenda njiani, na nauli ilikata sehemu ya mshahara kabla haujafika nyumbani. Ongeza hapo nyumba. Shule mpya zilizojengwa kwa haraka baada ya mwaka 1997 zilipata madarasa kwanza. Nyumba za walimu zikaahirishwa. Mwalimu, hasa mwalimu wa kike mwenye watoto, akipangiwa shule isiyo na nyumba, isiyo na maji, kilomita nyingi kutoka barabarani, hutafuta uhamisho kabla ya kufungua sanduku.

Mwaka 2010 Serikali iliweka utaratibu wa posho ya mazingira magumu, asilimia 30 ya mshahara wa msingi kwa watumishi wa sehemu kama Karamoja, Kalangala na Bundibugyo. Hapa ilikubaliwa rasmi kwamba mshahara sawa si maisha sawa. Ni hatua ya kuheshimiwa. Lakini asilimia 30 ya mshahara mdogo ni kitu kidogo, na posho haijengi nyumba wala haichimbi kisima. Huko Karamoja mpango wa elimu mbadala ulioanza mwaka 1998 ulijaribu njia nyingine: kuwachukua wenyeji wenyewe wawafundishe watoto wa wafugaji kwa lugha yao, karibu na maboma. Walilipwa kidogo, lakini walikuwa kwao. Twaona hapo mafaa yaleyale ya katekista wa zamani, na hatari yake ileile, yaani ya kumlipa mtu kidogo kwa kuwa hana pa kwenda.

Ramani Mpya

Tangu Machi 2020 hadi Januari 2022 shule za Uganda zilifungwa, kabisa au kwa sehemu, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, muda mrefu kuliko nchi nyingine zote. Mwalimu wa Serikali aliendelea kupata mshahara. Mwalimu wa shule ya binafsi hakupata kitu. Wakaingia katika biashara ndogo, kilimo, ufyatuaji wa matofali na bodaboda. Shule zilipofunguliwa, baadhi yao walipiga hesabu, wakaona kwamba pikipiki inawalipa kila siku, nao hawakurudi.

Katika mwaka huohuo wa 2022 Serikali ilipandisha mishahara ya walimu wa sayansi. Mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule ya sekondari aliongezewa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Mwenzake wa masomo ya sanaa, mwenye shahada ileile na pengine chumba kilekile cha walimu, alibaki na shilingi milioni moja na kidogo, na mwalimu wa shule ya msingi na karibu nusu milioni. Chama cha walimu, UNATU, kilitangaza mgomo tangu tarehe 15 Juni. Mgomo ulikatizwa katika wiki ya kwanza ya Julai bila ya mishahara kusawazishwa. Mwezi Juni 2025 walimu wa masomo ya sanaa waligoma tena kwa sababu hiyohiyo.

Sasa wasomaji wetu watazame kalenda. Katika wiki hiyohiyo ya kwanza ya Julai 2022, tarehe 5, ilitangazwa kwamba Baraza la Mawaziri limekubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, na kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Na tarehe 7 Julai dunia iliadhimisha kwa mara ya kwanza Siku ya Kiswahili iliyowekwa na UNESCO. Tulisherehekea, na ilistahili kusherehekea. Lakini mwalimu wa Kiswahili ni mwalimu wa sanaa. Lugha yake ilipandishwa cheo, naye mwenyewe akaachwa pale alipokuwa.

Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 ulikuwa umekwisha kukitia Kiswahili katika masomo ya lazima ya miaka miwili ya kwanza. Makerere na Kyambogo hutoa wahitimu wa Kiswahili, lakini njia zao ni zilezile tulizozieleza: mmoja huenda shule ya binafsi ya mjini inayotaka somo hilo, mwingine huingia katika tafsiri au utangazaji, na wa tatu huvuka mpaka. Shule ya sekondari ya Kotido au ya Koboko yaweza kuwa na vitabu vya Kiswahili kabatini, na kipindi cha Kiswahili katika ratiba, na asiwepo wa kukisimamia.

Mafunzo ya Historia Hii

Tukiyakusanya tuliyoyaeleza, twapata mambo manne.

(a) Mwalimu hukaa mahali kwa mambo matatu yakiwa pamoja: mshahara wenye nguvu, nyumba, na malipo yasiyochelewa. Miaka ya sitini ilikuwa nayo yote matatu katika shule nyingi. Moja likiondoka mengine mawili hayatoshi kwa muda mrefu.

(b) Mshahara wa Serikali ukidhoofika, mwingine huingia mahali pake, awe mzazi au mwenye shule ya binafsi. Huyo huokoa shule iliyo karibu naye, lakini huichora ramani ya nchi upya kwa kalamu ya utajiri wake.

(c) Nyongeza kwa kundi moja huvuta walimu kama vile mfuko wa mzazi ulivyovuta. Posho ya mwaka 2010 ilikusudia kuwavuta kwenda sehemu ngumu. Mshahara wa mwaka 2022 huwavuta kwenda masomo fulani. Hatusemi mwalimu wa sayansi hakustahili. Twasema kijana hodari anayechagua somo la kufundisha anazisoma hesabu hizo, naye atakayekihiari Kiswahili pamoja na pengo hilo hatakwenda nalo hadi Kaabong.

(d) Amri za lugha za mwaka 1927, 1973, 1992 na 2022 zimefanana katika jambo moja: zimetangulia mbele ya mwalimu. Mpango wa kukifundisha Kiswahili utakaofaulu ni ule utakaoandikwa kutoka upande wa pili, ukianza na idadi ya walimu kwa kila wilaya, nyumba watakazolala, nafasi zao katika orodha ya malipo, ndipo utaje vipindi na mitihani.

Kwa upande wetu sisi wenyewe, tusiingoje Serikali katika kila jambo. Kila tawi la chama chetu laweza kuandika ni shule ngapi za wilaya yake zenye mwalimu wa Kiswahili, ni ngapi zilizokuwa naye akaondoka, na alikwenda wapi. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Tukiwa na orodha hiyo mkononi, siku tutakapoulizwa tena kwa nini Kiswahili hakishiki nchini Uganda, tutaweza kujibu kwa majina ya shule na kwa hesabu, wilaya kwa wilaya.